Gogo Linapokuwa Jeusi



Juzi baada ya jumuiya, kijana mmoja hapa Nyantakara alinionyesha picha kwenye simu: mfalme na malkia wamelala kaburini, roho yao inapaa kama mtoto mdogo. "Kaka, hii ni ya shetani?"

Nikamwambia hapana, ila tuielewe kwanza. Inatoka kwenye kitabu cha wana-alkemia kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1550, wale waliotafuta kugeuza madini duni yawe dhahabu. Mwaka 1946 Carl Jung, daktari wa nafsi kutoka Uswisi, alizieleza picha hizo: wale wazee walipopika madini, bila kujua walichora yaliyomo ndani yao. Na hatua ya kwanza waliiita weusi. Kila kitu kinaoza kabla ya kung'aa.

Sisi wa Biharamulo hilo si geni. Jiwe linasagwa kwenye karasha, linaoshwa, zebaki inaikamata dhahabu, unabaki na kibonge cha kijivu kisicho na sura. Kikichomwa ndipo njano inatokea. (Na ule moshi ni sumu jamani, msichomee jikoni kwa mama.)

Ila hapa naachana na wanaosema mtandaoni kwamba utajigeuza dhahabu mwenyewe. Dhahabu haijichomi. Nabii Malaki, sura ya 3, anamfananisha Bwana na fundi anayesafisha fedha, tena fundi aliyeketi. Hajawasha moto akaenda zake.

Mtakatifu Yohane wa Msalaba alilijua hili mwilini. Mwaka 1577 watawa wenzake walimfungia Toledo, akakaa gizani karibu miezi tisa. Baadaye aliandika kuhusu gogo motoni: kwanza linatoa maji, linakuwa jeusi, linanuka, na mwisho lenyewe linakuwa moto. Ukilitazama pale katikati utasema limeharibika. Mimi mwaka niliofeli kidato cha nne nilisema hivyo hivyo, na Misa nikaacha miezi kadhaa.

Yule kijana alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Kaka, mimi niko kwenye weusi tangu mzee afariki. Sali hata sisali."

Sikuwa na hotuba. Tulikaa tu pale nje mpaka giza likaingia.

Jumamosi padre anakuja kigangoni kuungamisha. Tumekubaliana nimpitie kwao saa mbili asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu.