Bati Jipya Limelipwa na Nani?



Kijana mwenzangu, Januari ni mwezi wa daftari. Kila mtu ana orodha yake: kuezeka bati, kupiga plasta, kumwaga sakafu, kufunga sola, kutoa ule mlango wa mbao unaoingiza panya na kuweka wa chuma. Halafu yanafuata malengo ya mtu binafsi: kuacha pombe, kununua pikipiki, kuoa, kurudi shule, kusali rozari kila jioni. Mimi ninayo orodha yangu, na nadhani na wewe unayo, hata kama iko kwenye simu tu.

Sina neno na orodha hizo. Yesu mwenyewe katika Luka 14 anatukumbusha kwamba mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akapiga hesabu, asije akaishia njiani watu wakamcheka. Swali langu ni moja tu, na naomba tulikalie pamoja: tukishapiga hesabu ya gharama, huwa tunauliza gharama hiyo inatoka kwa nani? Maana nyumba inaweza kuwa nzuri, na sababu ya kuijenga ikawa nzuri, lakini aliyeilipia akawa ni mtu mdogo anayelala humo humo ndani, ambaye hakuulizwa.

Nazungumzia kwetu, Tarime na Serengeti.

Desemba yetu ina mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni mipango. Shule zimefungwa, ndugu walioko Mwanza na Dar es Salaam wamerudi, baba anakaa na wanawe wakubwa kupanga nini kifanyike mwakani. La pili ni msimu wa ukeketaji, hasa katika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila wanatoa ruhusa, ngariba wanaingia kazini, na binti wa miaka 12 au 13 anatembezwa barabarani kwa nyimbo, amefunikwa khanga na kubandikwa noti. Anayekataa anaitwa msagane, yaani bado hajawa mtu mzima hata angekuwa na watoto wanne.

Hali inabadilika, tumshukuru Mungu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Mkoa wa Mara wenye miaka 15 hadi 49, 32 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha 28. Lakini hao 28 bado ni watu. Na sheria ipo tangu 1998: anayemkeketa binti wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake, au anayesababisha akeketwe, akipatikana na hatia anaweza kufungwa kati ya miaka 5 na 15.

Sasa utaniuliza, hayo yanahusiana vipi na bati?

Yanahusiana kwa njia ambayo kila mtu wa kwetu anaijua, ila hatuiandiki kwenye daftari. Binti aliyekeketwa anahesabiwa kuwa tayari kuolewa. Inaaminika pia kwamba ataleta ng'ombe wengi zaidi. Ng'ombe wakifika, baadhi wanaweza kuuzwa wakawa bati, saruji na misumari. Wengine wanabaki zizini wakisubiri kaka aoe, maana kwa desturi yetu ng'ombe wa dada ndio wanaokwenda kumwolea kaka. Kwa hiyo kwenye daftari la baba pameandikwa "kuezeka", na kwenye daftari la kaka pameandikwa "kuoa". Binti naye labda alikuwa ameandika "kidato cha kwanza", lakini hakuna aliyelisoma daftari lake.

Siyo kila nyumba nzuri ya Tarime ina historia hii, na nisingependa mtu atukane wazazi wetu kwa kunisoma mimi. Wengi wamejenga kwa mahindi, kahawa, tumbaku, ndizi, kwa mshahara wa halali na kwa jasho la miaka. Lakini historia hii ipo, tena inatosha kutufanya tufikiri.

Kanisa linatufundisha kwamba ubora wa tendo hupimwa kwa mambo matatu: tendo lenyewe, nia ya mtendaji, na mazingira yake. Haya yako kwenye Katekisimu kuanzia namba 1750. Hebu tupime. Nia ya baba ni nini? Mara nyingi ni njema kabisa. Anataka wanawe wasilale wakihama na vitanda mvua ikinyesha. Anataka binti yake akubalike kwenye jamii. Mazingira je? Ni magumu: umaskini, maneno ya majirani, shinikizo la ukoo. Lakini tendo lenyewe ni kukata mwili wenye afya wa mtoto, kisha kumwoza kabla hajakomaa. Hapo nia njema haiwezi kuliosha tendo. Namba 1753 inasema wazi kwamba lengo jema halihalalishi njia mbaya, na namba 2297 inahesabu ukataji wa viungo usio na sababu ya matibabu kuwa kinyume cha sheria ya maadili. Papa Fransisko naye aliutaja na kuulaani ukeketaji katika Amoris Laetitia, mwaka 2016.

Jambo hili wala si geni kwenye Biblia. Fungua Yeremia 22, kuanzia aya ya 13. Nabii anamkemea mfalme anayejijengea nyumba kubwa, yenye vyumba vipana, madirisha mengi, mbao za mierezi na rangi nyekundu. Ukiisoma unaona kabisa ni orodha ya malengo ya mwaka mpya! Nabii hasemi madirisha ni dhambi, wala rangi. Kosa ni kwamba aliyefanya kazi ile hakulipwa haki yake. Halafu anamkumbusha mfalme habari za baba yake, Yosia, ambaye alikula na kunywa vizuri tu, lakini aliwatetea maskini na wahitaji, na Mungu anasema huko ndiko kumjua yeye. Habakuki 2:11 anakwenda mbali zaidi: nyumba iliyojengwa kwa dhuluma, mawe ya ukutani hulia na boriti huyajibu. Mimi nikiisoma aya hiyo, nafikiria kenchi na mabati.

Najua majibu tunayopeana vijiweni. Nitayachukua matatu.

La kwanza: "Mahari ni mila yetu, na Kanisa halijakataza mahari." Kweli, mahari ikiwa ishara ya heshima na ya kuunganisha koo mbili, hakuna ubaya. Lakini ishara ya heshima haiwezi kumtangulia mtu anayeheshimiwa. Hesabu ikianza na ng'ombe, halafu ndiyo atafutwe binti wa kuwaleta, hapo tumeshaingia kwenye biashara, na bidhaa ni dada yako.

La pili: "Amri ya nne inasema waheshimu baba yako na mama yako." Ndiyo, na tuiishi. Ila Katekisimu hiyo hiyo, namba 2217, inafundisha kwamba mtoto akiwa na hakika katika dhamiri yake kwamba agizo fulani ni baya, asilitii. Kumheshimu baba ni pamoja na kumzuia asifanye jambo litakalompeleka jela hapa duniani na kumpa hesabu ngumu mbele za Mungu. Unaweza kusema hapana ukiwa umepiga magoti kumsalimia.

La tatu ndilo zito zaidi, na sisi vijana wa kiume ndio tunaolisema: "Mimi sikumkeketa mtu. Ni mambo ya wazee na ngariba. Mimi nimekuta ng'ombe zizini." Ndugu yangu, hapa tusidanganyane. Namba 1868 inasema tunashiriki dhambi za wengine tunapozisifu, tunapozikubali, au tunaponyamaza wakati tuna wajibu wa kuzizuia. Kisha kuna jambo moja ambalo hatupendi kulisikia. Mama akiulizwa kwa nini anampeleka binti kwa ngariba, mara nyingi jibu lake ni: "Asipokeketwa nani atamwoa?" Huyo "nani" ni mimi na wewe. Si mzee wa mila mwenye miaka 70. Ni kijana wa miaka 24 anayeimba kwaya Jumapili. Kama sisi tutasema hadharani, mbele ya mama zetu na shangazi zetu, kwamba tutaoa binti ambaye hakukeketwa na tutamheshimu, hofu ya yule mama inapungua nguvu. Lengo hilo la mwaka mpya halihitaji hata mfuko mmoja wa saruji.

Sasa tuulizane: kuboresha nyumba ni nini hasa?

Huko Masanga, wilayani Tarime, kipo kituo kilicho ndani ya Jimbo Katoliki la Musoma, ambacho msimu ukifika hupokea mamia ya wasichana wanaokimbia kisu. Wanafundishwa mambo mazuri ya mila yetu, heshima, kazi, utu uzima, bila kukatwa, na mwisho wanafanyiwa sherehe. Mugumu, wilayani Serengeti, ipo nyumba salama ya shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, mama aliyekeketwa mwenyewe akiwa na miaka 13 na akaamua yasiwapate wengine. Wapo wasichana wanaofika huko baada ya kutembea usiku, miguu mitupu, wakipita porini.

Fikiria binti anayeondoka usiku kwenye nyumba ya tofali za kuchoma, yenye bati geji 28 na madirisha ya kioo, akaenda kulala bwenini kati ya watu asiowajua, na huko ndiko anapata usingizi. Ipi kati ya hizo mbili ni nyumba? Mimi naona kwamba kipimo cha kwanza cha nyumba ni kama aliye mdogo kuliko wote humo ndani anaweza kufumba macho bila hofu. Bati linafuata baadaye.

Angalia pia Familia Takatifu, ambayo tumetoka kuiadhimisha. Mtakatifu Yosefu alikuwa fundi. Bila shaka alijua kupanga, kupima na kujenga. Lakini malaika alipomwambia mtoto yuko hatarini, Mathayo 2 inasema aliondoka usiku ule ule. Hakusema amalize kwanza kazi za watu. Aliacha paa, akamchukua mtoto na mama yake, wakaenda ugenini Misri. Na tarehe 28 Desemba, katikati kabisa ya msimu wetu, Kanisa linawakumbuka Watoto Mashahidi, wale ambao hawakuwa na mtu wa kuwakimbiza.

Basi tufanye nini na madaftari yetu? Mimi mwaka huu nimechora safu tatu. Safu ya kwanza: nataka nini. Ya pili: kitagharimu kiasi gani. Ya tatu: nani atalipa, na je, amekubali? Lengo likikwama kwenye safu ya tatu, linasubiri. Nyasi zikivuja mwaka mmoja zaidi, tutaweka sufuria. Tofali tunaweza kufyatua wenyewe baada ya mavuno, bati tukanunua mawili matatu kwa fedha ya kikoba, haba na haba. Ni polepole, ndiyo. Lakini utalala chini yake bila kusikia boriti ikilia.

Jambo lingine: ongea na baba sasa, Januari. Usingoje Desemba, ukoo umeshakaa na pombe imeshachemka. Kama unaogopa kwenda peke yako, na ni haki kuogopa, nenda na katekista, au shangazi mwenye msimamo, au mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Mpeleke na daftari la mdogo wako, asome binti yake anataka nini. Na kama hatari imekaribia, ijue namba 116, ya simu kwa mtoto, haina malipo. Na kituo cha polisi ulizia dawati la jinsia na watoto.

Na wewe dada unayesoma hapa, nakuomba na wewe uandike. Usingoje kuandikwa kwenye orodha ya mtu mwingine. Kile unachotaka kuwa, kiandike kwa jina lako, umwonyeshe Mungu kwenye sala na mtu mzima mmoja unayemwamini.

Tusali: Ee Yesu, uliyelelewa katika nyumba ya fundi, tupe nyumba nzuri, maana twazihitaji. Lakini utunyime chochote ambacho dada yetu atakilipa kwa machozi. Wape baba zetu ujasiri wa kubadilika, mama zetu pumziko la hofu, na sisi vijana ulimi wa kusema mapema. Mtakatifu Yosefu, utuombee. Watoto Mashahidi, mtuombee. Amina.

Heri ya Mwaka Mpya. Tumsifu Yesu Kristo.