Je, Undugu Hufuta Ujira?

Likitajwa neno "mwajiri" wengi wetu huwaza Serikali, kampuni kubwa, au mashamba ya mkonge ya zamani. Hatujiwazi sisi wenyewe. Lakini hapa kwetu Kitomanga, mwenye duka aliyeweka kijana wa kuuza ni mwajiri. Mama wa hoteli mwenye binti wa kuosha vyombo ni mwajiri. Hali kadhalika mwenye shamba la ufuta aitaye vibarua wakati wa mavuno, na yeyote aliyemleta mtoto wa ndugu yake amsaidie kazi za nyumbani.

Basi yafaa tujiulize: je, ni vizuri kuandikiana mkataba na mtu wa ukoo? Wengi husema, "Huyu ni mwanangu. Anakula kwangu, analala kwangu, akiugua namtibu mimi. Tukiandikiana tutakuwa kama watu baki." Neno hili lina uzito, nasi hatulidharau, maana undugu umelea yatima wengi ambao sheria isingewafikia.

Lakini tuwakumbuke Yakobo na Labani katika kitabu cha Mwanzo. Labani alikiri mwenyewe kwamba undugu si sababu ya Yakobo kumtumikia bure, akamwambia ataje ujira wake. Maneno yalikuwa mazuri sana. Hata hivyo Yakobo alitumika miaka 20, na baadaye alilalamika kwamba ujira wake ulibadilishwa mara kumi. Labani hakukosa maneno ya kindugu. Kilichokosekana ni kitu cha kumzuia asiyageuze.

Tena wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, kutufundisha kwamba kila mtu afanye kazi. Lakini methali haikusema kwamba akishashika jembe siku zake zisihesabiwe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwachi nje mwajiri mdogo, wala mwenye kuajiri jamaa yake. Yataka mfanyakazi apewe kwa maandishi maelezo ya kazi yake, mahali, saa na mshahara; na asiyeelewa maandishi aelezwe mpaka aelewe. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa, hata akiwa wa dada yetu.

Na fedha zikipungua dukani? Hapa ndipo wengi hukata mshahara wote kwa hasira. Sheria yataka kwanza ithibitike kwamba kosa ni la mfanyakazi, aandikiwe sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Aonaye ameachishwa kwa uonevu aweza kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Na pasipokuwa na maandishi, mzigo wa kuthibitisha yaliyopatanwa humwangukia mwajiri.

Tukitafakari vema, tutaona kwamba ndugu ni mnyonge kuliko mgeni. Mgeni asipolipwa atadai, hata kwa sauti. Mpwa atamdaije mjomba? Akifungua kinywa ataambiwa hana shukrani, na ukoo mzima utamwinamia. Kwa hiyo maandishi humtetea yule ambaye undugu umemfunga mdomo. Nasi tukizuia mshahara wake, kisha wakati wa Krismasi tukamnunulia shati, hatujampa zawadi. Tumemrudishia kidogo katika kilicho chake, na shukrani tumeichukua bure.

Wengine watasema duka ni dogo, faida haitoshi. Twakubali kwamba maisha ni magumu. Lakini asiyeweza kulipa kazi ya siku nzima na apatane kwa kazi ya saa chache. Asichukue siku nzima ya mtu akamlipa kwa maneno ya upole. Chakula na malazi navyo visemwe wazi tangu mwanzo, visije vikageuzwa kuwa mshahara siku ya ugomvi.

Karatasi haivunji udugu. Kinachouvunja ni kikao cha ukoo baada ya miaka sita, ambapo kila mmoja anahesabu kwa kichwa chake, na wote wawili huenda wanasema kweli kama wanavyoikumbuka. Daftari moja la shule latosha. Tuandike kazi, saa, mshahara na tarehe. Tutie sahihi au dole gumba mbele ya shahidi, kila mmoja abaki na nakala. Na kila mwisho wa mwezi tuandike kilicholipwa. Hapo ndipo tutaweza kumwita mwenzetu "mwanangu" bila neno hilo kuficha deni.