Sandarusi Isiyoyeyuka

Sanaa ya kumimina epoksi katika kalibu inazidi kupendwa, wala si ajabu. Mtu huchanganya vimiminika viwili, akavimwaga juu ya ua au kombe, na baada ya siku moja au mbili akatoa kalibuni kitu kinachong'aa mithili ya kioo. Wanaoijadili huuliza ni epoksi gani inunuliwe na imiminwe vipi. Maswali hayo ni ya haki, nami nitayagusa. Lakini nyuma yake lipo jengine: kitu ambacho maumbile yake ni kupita, twapata wapi ruhusa ya kukizuia?

Watu wa pwani hawakuanza leo kuujua utomvu ulioganda. Sandarusi, utomvu wa mti uliolala ardhini dahari baada ya mti wenyewe kutoweka, ilichimbwa Mrima ikaletwa Unguja, na katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walikuwa miongoni mwa walioinunua kwa ajili ya vanishi. Katika baadhi ya vipande alionekana chungu au mbu, umbo lake kamili kama aliyetua jana. Huyo hakuchaguliwa na mtu. Tena sandarusi, pamoja na ugumu wake, ikitiwa moto mkali huyeyuka. Lau isingeyeyuka, isingekuwa vanishi. Epoksi ni kinyume chake. Ilibuniwa katika miaka ya 1930, na mmoja wa wabunifu wake, Pierre Castan wa Uswisi, alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia. Ikishaganda hairudi. Moto huilainisha kidogo, kisha huiunguza.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa jambo. Sonara akikosea pete ya fedha huirudisha motoni, na vipande alivyoviharibu seremala hupikia chai. Fundi wa epoksi hana marejeo. Kosa lake huenda likaishi kuliko yeye. Kwa hiyo maadili ya kazi yake, karibu yote, yamo katika muda ule kabla ya kumimina.

Na muda huo una elimu yake. Epoksi ya kupaka juu ya meza ni nzito na huganda upesi; haifai kwa kalibu yenye kina, kwa kuwa kuganda kwake huzaa joto, na joto likikusanyika katika donge nene hupasua kazi, hata pengine likatoa moshi. Ya kalibu ni nyepesi na ya polepole, huyapa mapovu nafasi ya kupanda. Mtengenezaji akiandika sehemu 2 kwa 1 kwa ujazo, hapana ruhusa ya kugeuza ikawa mizani, maana uzito na ujazo si kitu kimoja. Wapo wanaozidisha dawa ya kugandisha wakidhani wanaharakisha. Huishia na kitu kinachonata, kwani ile ziada hukosa mwenziwe wa kushikamana naye. Joto letu hufupisha muda wa kufanyia kazi, na unyevu wa masika huweza kuacha utando juu. Imiminwe kama uzi, katika pembe moja ya kalibu, iachwe itambae yenyewe. Glavu zivaliwe: ngozi ikishaikataa epoksi, aghalabu huikataa maisha.

Sasa tuchukue kikuba. Tuseme bibi arusi anataka kikuba chake kibaki. Fundi mwaminifu atamwambia kwanza kwamba asmini mbichi haiwezi kuingia. Maji yaliyomo yataigeuza kahawia humo humo ndani. Sharti ikaushwe. Na ikikaushwa harufu huondoka, na hata ingebaki isingepenya. Kikuba bila ya harufu ni nini basi? Hakikutungwa kitazamwe tu. Kilitungwa ili mwenye kukivaa ajulikane kabla hajaonekana. Kitakachobaki ni umbo lake.

Wengine watasema: basi kazi hiyo ikataliwe. Mimi sisemi hivyo. Picha ya marehemu nayo haina sauti, na hakuna aiitaye uongo. Uongo huanza pale fundi anaponyamaza, akapokea fedha huku akimwacha yule binti aamini kwamba usiku wake mzima umetiwa ndani, na kwamba jua halitaigeuza manjano ile nuru ya kioo. Akiambiwa yote hayo na bado akakitaka, ni chake, na ana haki ya kuhifadhi hata nusu.

Kombe ni jambo jengine. Ua limechumwa kwa ajili ya usiku mmoja, na litanyauka kwa vyovyote. Kauri ing'aayo bila ya mkwaruzo, kwa kawaida, ilitolewa baharini mwenyewe akiwa yu hai ndani yake. Ile iliyookotwa ufukweni imekwisha kusuguliwa na mchanga. Mnunuzi hupenda ya kwanza. Lakini epoksi huingia katika mikwaruzo na kuijaza, na kauri chakavu ikang'aa karibu sawa na mwenziwe aliyeuawa. Fundi ajuaye hilo akaendelea kununua zile za kwanza, simwoni na udhuru.

Yabaki masalio kikombeni. Yasimwagwe mferejini yakiwa mabichi, maana mifereji yetu hujua njia moja tu, nayo ni ya baharini. Yatandazwe membamba yasipate joto, yaachwe yagande, ndipo yatupwe. Na huko yatupwako yatakuwapo.