Ringi Zitasubiri

Mwanangu, picha ulizonitumia nimeziona. Ringi nyeusi za inchi 20, ngao ya mabomba mbele, taa za LED juu ya keria, na yule fundi anayekuahidi kulinyanyua gari kwa spesa kabla ya adhuhuri. Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Maneno haya nimewaambia kaka zako, nikawaambia watoto wa shangazi yako, na wote waliitikia "sawa, mzee," kisha wakaenda kufanya walichokuwa wameshakilipia. Sasa ni zamu yako. Nitasema tena, polepole, maana hasira ziliniishia siku nyingi.

Kwanza jua ulichonunua. Hiyo ni RAV4 ya toleo la pili, ile ambayo mitaani inaitwa Kilitime, iliyoanza kutoka mwaka 2000. Toyota walipoitoa RAV4 ya kwanza mwaka 1994 hawakuwa wakitengeneza Land Cruiser ndogo. Walichukua maungo ya gari la kawaida la familia, wakalipa kimo na magurudumu manne yanayovuta. Bodi ndiyo chasisi yenyewe. Chini hakuna vyuma viwili virefu vya kubeba kila utakachokitundika, wala hakuna gia nzito ya kutambaa matopeni. Linafika Lushoto, linafika Matombo kwa babu yako hata kukiwa na manyunyu. Lakini lina mipaka yake, na kila unachokiongeza juu ya mipaka hiyo kitakudai mahali: kwenye shokapu, kwenye breki, kwenye betri, au kituo cha mafuta.

Haya, hizo ringi. Soma ubavu wa tairi lako: 215/70R16. Ile 70 ni asilimia ya upana, kwa hiyo ubavu wa mpira una kimo cha milimita 150 hivi. Ukitia ringi ya inchi 20 na ukataka gurudumu libaki na kimo kilekile ili spidomita isikudanganye, utahitaji tairi kama 245/40R20, na hapo ubavu unabaki milimita 98. Zile sentimita tano ulizozitupa ndizo zilizokuwa zikipokea mashimo na matuta yasiyopakwa rangi. Sasa pigo lote linakwenda kwenye ringi, kwenye bushi na kwenye boljointi. Ringi kubwa pia huwa nzito, na uzito wa gurudumu haubebwi na springi kama uzito wa abiria. Shokapu ndizo zinazohangaika kuutuliza kila gurudumu linaporuka. Mwaka ujao utaniuliza kwa nini gari linagonga chini kama limejaa masufuria.

Fedha ya ringi nunua matairi. Nunua manne, ya aina moja, siku moja. Gari lako linavuta kwa magurudumu manne wakati wote, na kati ya mbele na nyuma kuna kifaa chenye mafuta mazito ndani kinachosawazisha mwendo. Ukiweka matairi mapya mbele na vipara nyuma, au ukachanganya vipimo kwa sababu umepata mawili ya bei poa, magurudumu hayo hayazunguki sawa, na kile kifaa kinafanya kazi njia nzima mpaka kinapata moto. Kisha utaambiwa transfa imekufa, na utaona ni bahati mbaya.

Na unaponunua, usitazame kashata tu. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ukikuta 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira uliokwisha kukauka, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Upepo nao usimwachie kijana wa kujaza aamue kwa mazoea. Kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kimeandikwa kwa kPa, wala kisikutishe: 200 kPa ni kama 29 kwenye geji za hapa kwetu. Yeye amezoea kuweka 40 kwa kila gari linalosimama mbele yake.

Kuhusu kulinyanyua, sitasema mengi. Spesa zinainua bodi, lakini eksi za mbele zinabaki kufanya kazi kwa pembe ambayo hazikutengenezewa. Mpira wa sivi joint unachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na unaanza kusikia "ka-ka-ka" ukikata kona. Na gari fupi lenye kimo, ukiliongezea kimo kingine, kisha ukaweka mizigo kwenye keria, halitulii tena kwenye kona kama mwanzo. Ngao ya mabomba ni vilevile. Inatia uzito mbele kabisa, na bampa ilikusudiwa ibonyee katika mgongano ili nguvu ya pigo ipungue kabla ya kufika kwako. Chuma kigumu hakibonyei, kinalipitisha pigo lote. Achana nayo.

Taa: balbu za gari lako ni za wati 55 au 60. Ukitia za wati 100 bila rilei na waya mnene, swichi na soketi zinaungua, na plastiki hutoa harufu kabla hujaona moshi. Ukitia LED au zenoni kwenye kioo kilichoundwa kwa balbu ya kawaida, mwanga hauendi mbali zaidi, unatapakaa tu, na mwenye basi anayekuja mbele yako haoni kitu. Unamtia upofu mtu mwenye tani 15 anayekuja upande wako. Hilo nalo linaitwa urembo siku hizi. Kama huoni vizuri usiku, ng'arisha vioo vya taa vilivyogeuka njano kwa jua, weka balbu mpya za wati zilezile, kisha mpe fundi azipime kimo. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo.

Redio nakuruhusu. Hiyo iliyokuja nayo inaongea Kijapani, na redio za Japani za wakati ule zinashika FM kuanzia 76 hadi 90, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, ndiyo maana unapata moja au mbili tu. Kuna kidude cha kupanua masafa, bei yake ndogo. Ukitaka redio mpya kabisa, sawa, ila dai soketi ya kuunganishia. Anayekata waya za kiwandani na kuzifunga kwa selotepu anakupandia ugonjwa utakaoanza kuonekana masika, unyevu ukiingia.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo hukuniuliza. Maji.

Injini yako ni 1AZ-FSE, ile yenye maandishi ya D-4 juu ya kava. Ni injini yenye nguvu na isiyokula mafuta sana, lakini haisamehe joto. Bloku yake ni ya aluminiamu, na bolti za silinda hedi zimejikita katika nyuzi zilizochongwa ndani ya aluminiamu hiyo. Injini za jamii ya AZ za miaka ile zinajulikana duniani kwa ugonjwa mmoja: zikichemsha, na wakati mwingine hata bila kuchemsha, nyuzi zinakwanguka, bolti zinalegea, hedi inaacha kubana, na maji yanaanza kupotea. Yanavuja nyuma ya injini, upande wa kabini, mahali ambapo jicho halifiki. Unaona rejeta inapungua na chini pakavu. Usikubali kuambiwa ni kawaida. Dawa yake ni kuchonga nyuzi upya na kutia bushi za chuma, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Wa chini ya mwembe mwache aendelee na shughuli zake.

Kwa hiyo usijaze maji ya bomba. Kulanti kazi yake ni zaidi ya rangi. Ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Kifuniko cha rejeta nacho ni kifaa. Kikishika shinikizo lake sawasawa, maji ndani ya mfumo yanaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Mpira wake ukichakaa, yatachemka mapema, nawe utalaumu feni. Kinunue kipya. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyokutajia.

Halafu kuna tabia moja ya mafundi wetu inayonichosha. Gari likichemsha, la kwanza wanalofanya ni kung'oa thamostati, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto, hiyo ni ya Wajapani na theluji yao. Sikiliza. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya theluji. Injini inatakiwa kufika joto lake haraka na kukaa hapo. Ukiing'oa, kompyuta ya gari inaona injini bado baridi, inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili inachafuka, na wewe unalalamika ulaji wa mafuta. Tena kwenye gari kama lako, thamostati ikifunguka kabisa inaziba njia ya mkato. Isipokuwepo, sehemu ya maji moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mjini hutaona kitu. Utaona siku unapanda Kitonga kuelekea Iringa na abiria wanne na magunia. Mshale ukipanda pale, egesha, zima kiyoyozi, subiri. Na kifuniko kisiguswe mpaka rejeta ishikike kwa mkono.

Oili nayo ni mazungumzo yaleyale. Watakuambia gari limezeeka, weka 20W-50 nzito. Injini yako ina VVT-i, mfumo unaosukumwa na oili hiyohiyo kupitia vitundu vyembamba, na waliyoielekeza ni nyepesi, kama 5W-30. Nenda nayo, ibadilishe kila kilomita 5,000 pamoja na chujio, na uwe unaangalia kijiti mwenyewe kila Jumamosi. Gia boksi yako inatumia Toyota T-IV, usiwekewe "yoyote nyekundu." Na dada yako mwenye ile RAV4 ya 2.4 inayoitwa Miss Tanzania aangalie zaidi, kwa sababu nyingi zilizotoka Japani zina gia boksi ya CVT, na oili ya kawaida ya otomatiki ikiingia humo itaiharibu. Difu ya nyuma ina oili yake, transfa ina yake. Hakuna anayezikumbuka mpaka zilie.

Jambo jingine dogo: akija mtu kukuuzia mkanda wa taimingi, mwambie asante. Injini yako inatumia cheni. Mkanda ulikuwa kwenye RAV4 ya kwanza.

Plagi nunua halisi hata kama ni ghali, na usiendeshe taa ya mafuta ikiwaka kila siku. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe, na ile pampu ya pili ya D-4, ya shinikizo kubwa, haipendi uchafu unaokaa chini ya tangi.

Masika yakija, Jangwani pakifurika, usifuate lori. Utaona wenzako wanapita na utadhani kimo cha gari lako kinatosha. Injini ikivuta maji badala ya hewa, pistoni inakutana na kitu kisichobonyezeka, na koneksheni rodi inapinda. Gari likizima ndani ya maji, usipige stata hata mara moja. Lisukumeni.

Unaniuliza basi uongeze nini, maana fedha inakuwasha. Chonga namba ya gari kwenye vioo vya pembeni, kwenye taa na kwenye madirisha, kabla hawajakuonea huruma vijana wa foleni. Weka kapeti za mpira zenye kingo, kwa ajili ya tope la Matombo. Kava za viti sawa, ila kama viti vina begi za hewa ubavuni, usizifunike. Mtungi wa kuzimia moto uwe mzima, na pembetatu ziwe mbili. Trafiki atakuuliza, lakini usizinunue kwa ajili yake. Ukitaka kupendeza, piga poda ya kuzuia kutu chini ya gari, kwa kuwa unakaa Kigamboni na chumvi ya bahari inakula vyuma taratibu bila kelele.

Shokapu na bushi zikibadilishwa, gari litakaa vizuri barabarani kuliko lilivyofika bandarini, na hapo ukija kuniambia habari za ringi za inchi 17 za kistaarabu, nitakusikiliza. Ila ukibadili ringi, hata nati huenda zikabadilika. Kwa hiyo kabla ya safari ya Desemba, hakikisha wilspana iliyo ndani ya gari inaingia kwenye nati ulizo nazo, kisha fungua kava la tairi la akiba mlangoni nyuma na ulipime upepo.