Maji ya Chupa na Maji ya Bethlehemu



Swali la juma hili ni dogo, na najua kuna watakaouliza kama kweli linastahili nafasi katika jarida letu. Je, Mkristo anaponunua maji ya chupa, kuna ubaya wowote? Si pombe, si sigara. Ni maji, na Mungu mwenyewe ndiye aliyeyaumba. Kundi moja la nyumbani lilibishania jambo hili mpaka chai ikapoa, kisha wakanitumia mimi swali. Jibu langu la haraka ni kwamba maji hayana shida. Shida ni chupa, na kubwa kuliko chupa ni kile tunachokiacha nyuma tukishainunua.

Nianze na mwili, maana hapo ndipo wengi wetu huanzia. Tunanunua chupa tukiamini ni safi kuliko mfereji. Kwa upande wa viini mara nyingi ni kweli, silikatai. Kipindupindu kikiwa mtaani na huna namna ya kuchemsha, nunua chupa na umshukuru Mungu. Lakini usafi una pande zake. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Fredonia, jimbo la New York, walipima chupa 259 zilizonunuliwa katika nchi 9, na katika kila chupa 100, 93 zilikuwa na chembechembe za plastiki. Mapema 2024 wenzao wa vyuo vya Columbia na Rutgers walitumia vyombo vinavyoona vitu vidogo zaidi, wakahesabu wastani wa chembe 240,000 hivi katika lita moja ya maji ya chupa yanayouzwa Marekani. Zinafanya nini zikishaingia mwilini? Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba ushahidi uliokuwepo haukuonyesha madhara kwa viwango hivyo, ila utafiti wenyewe bado ulikuwa mchache mno. Kwa hiyo mtu asisimame hapa madhabahuni kukutisha kwamba chupa imekuletea ugonjwa fulani. Ninachosema ni hiki tu: uliyelipa zaidi ili upate maji yasiyo na kitu, umepewa maji yenye kitu.

Kisha kuna yale tunayoyaona kwa macho. Katoni zinashushwa nje ya duka na kuanikwa juani kutwa nzima. Plastiki hiyo, inayoitwa PET, hutengenezwa kwa kutumia antimoni, na joto likipanda ndivyo antimoni inavyozidi kuhamia kwenye maji. Chupa iliyosahaulika ndani ya gari mchana, hebu iachie maua. Na ile tabia yetu ya kujaza chupa moja wiki tatu mfululizo: kila ukizungusha kifuniko unakwangua plastiki kidogo, na shingo ya chupa ni nyembamba, brashi haiingii. Sijataja bado chupa feki, zilizojazwa kwenye nyumba ya mtu na kubandikwa lebo. Kebs imewahi kufuta vibali vya kampuni nyingi za maji, na stempu ya KRA kwenye kifuniko inakuambia ushuru umelipwa, haikuambii maji yamepimwa.

Wapendwa waliotoka Nakuru na Naivasha watanijibu kwamba kwao maji ya kisima yanaharibu meno, na chupa si anasa. Wana haki. Floridi nyingi katika maji ya Bonde la Ufa hubadilisha meno ya watoto kuwa ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa kuwa maji hupungua, inabaki imekolea zaidi. Lakini ona jinsi kanisa lilivyoitikia kule. Jimbo Katoliki la Nakuru halikuagiza malori ya chupa. Lilianza kutengeneza vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambayo hushika floridi, ili familia nzima na jirani yake wanywe. Sisi Wapentekoste tungeweza kuwa na mifano kama hiyo mingi zaidi kuliko tuliyo nayo. (Sizungumzii zile chupa ndogo zinazouzwa kama upako. Hiyo ni mada ya siku nyingine, na nitahitaji kufunga kabla ya kuiandika.)

Sasa fungua 2 Samweli 23, kuanzia mstari wa 13. Daudi yuko pangoni, ana kiu, na anatamani kwa sauti maji ya kisima kilicho karibu na lango la Bethlehemu. Kisima kiko upande wa adui. Wafilisti wameweka kambi yao mjini. Mashujaa watatu wanapenya katikati ya jeshi, wanachota, wanamletea. Naye anakataa kunywa. Anayamimina mbele za Bwana, kwa sababu anaona ndani ya maji hayo damu ya watu waliohatarisha maisha yao.

Tumezoea kuhubiri hapo juu ya uaminifu wa wale watatu. Mimi nakuomba utazame maji yenyewe. Yalikuwa safi. Hayakuibwa. Daudi alikuwa na kiu ya kweli, na hakuna sheria ya Musa iliyomkataza. Kila kitu kilikuwa halali, bado akauliza swali ambalo mnunuzi hapendi kuuliza: nani amelipa bei hii, mimi au mwingine? Na hakutoa amri kwamba Israeli yote isinywe maji ya Bethlehemu. Aliamua juu ya kikombe kilichokuwa mkononi mwake.

Nilisoma biashara kabla ya kuitwa katika huduma, na darasani tulifundishwa kwamba bei nyingi hazisemi ukweli wote. Sehemu ya gharama hulipwa na mtu ambaye hakuwepo mlipokubaliana. Chupa ya nusu lita ukiinunua shilingi 40, lita moja ni 80, na lita elfu moja zingekuwa shilingi 80,000. Sasa chukua bili yako ya maji uangalie bei ya uniti moja, ambayo ni lita hizo hizo elfu moja. Hata ukiongeza maji taka, ni mamia machache ya shilingi. Na bado katika hizo 80,000 hayumo anayeishi karibu na Dandora, jalala lililofunguliwa katika miaka ya 1970 na kutangazwa kwamba limejaa mwaka 2001, nasi tungali tunapeleka. Hayumo mwenye nyumba kando ya mto ambaye mtaro wake umeziba mvua ya Aprili inapofika. Hayumo mvuvi wa Lamu. Kule Lamu mafundi walijenga jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, Flipflopi, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Watu walipiga makofi, nami nilifurahi, lakini fikiria ufuo wenye taka za kutosha kujengea jahazi.

Serikali imejaribu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na tangu Juni 2020 huruhusiwi kuingia mbuga za wanyama na chupa ya plastiki ya kutumia mara moja. Simba wamepata ulinzi. Mtaani chupa zinaendelea.

Lakini hapa ndipo nilitaka tufike. Mwaka 1970 mwanauchumi Albert Hirschman aliandika kitabu juu ya kile watu wanachofanya huduma inapoharibika. Alikuwa ameshangazwa na reli ya Nigeria. Wateja walikuwa na njia nyingine, malori, basi ungedhani reli ingeogopa ushindani na kujirekebisha. Ikawa kinyume. Wateja waliokuwa na uwezo na sauti waliondoka kimya kimya wakapakia malori, na reli ikabaki na wale ambao kelele zao hazisikiki. Ikazidi kuoza bila mtu wa kuisumbua.

Mpendwa, hiyo ni reli au ni mfereji wako? Maji yakikatika wiki mbili, mwenye mshahara anapiga simu, anaitisha mtungi wa lita 20 uletwe na boda, na jambo limeisha. Hajaandika barua. Hajaenda ofisi za kampuni ya maji. Hamjui hata MCA wake kwa jina. Aliye Mukuru anabaki kwenye foleni na jerikeni, akilipa kwa kila lita zaidi ya anayelipa mwenye bomba ndani ya nyumba. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Haki hiyo inahitaji watu wa kuidai, na wengi ambao wangeidai vizuri wameshanunua katoni. Ripoti ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023 ilisema kwamba hata nusu ya pesa ambazo dunia hutumia kwa maji ya chupa kila mwaka haihitajiki yote ili kuwafikishia mamia ya mamilioni ya watu maji safi ya bomba kwa miaka kadhaa. Pesa zipo, ila kila mmoja amezielekeza kwenye chupa yake.

Ndugu mmoja aliniambia, "Pasta, nikiacha kununua, mfereji wa Mukuru utatoa maji?" Hautatoa. Tena vijana wetu wawili wanajilipia karo kwa kuuza maji barabarani magari yakikwama, na mama mmoja hapa hulisha watoto kwa kuokota chupa na kuziuza kwa kilo. Sitaki waraka huu usomwe kana kwamba wao ndio tatizo. Mwenye kiu kwenye matatu na ananunua kwa kijana huyo, anunue bila kujikunja moyo. Ninaowasemesha ni sisi tunaonunua kwa mazoea, na hasa sisi tunaonunua kwa heshima.

Maana kanisani chupa imekuwa heshima. Mhubiri mgeni asipowekewa chupa mbili pembeni mwa mimbari, tunaona tumemdharau. Katika bajeti ya kongamano la mwezi ujao kuna katoni 150. Hizo ni chupa 3,600 kwa siku tatu, shilingi 67,500 za sadaka, na ifikapo Jumatatu tutabaki na magunia ya taka. Nimewaomba wazee tuzitoe zote. Fundi ametupa bei ya kichujio kikubwa na matangi mawili yenye koki, haifiki 45,000, na kichujio hicho kitakuwa bado kipo mwaka ujao. Wengine kwenye kamati wanaona aibu mbele ya wageni, na si wasiwasi wa kupuuza, kwa kuwa ukarimu ni amri. Ila mgeni akimiminiwa maji kwenye glasi na mtu aliyesimama kumhudumia, sioni alichopungukiwa. Na zamu ya kuosha vikombe isiwe ya akina mama pekee. Wanaume wa ushirika huu wana mikono pia.

Wazee wataamua Alhamisi. Kwa sasa, barua kwa kampuni ya maji iko ofisini kwa katibu, na inataja mtaa kwa mtaa siku ambazo mifereji imekauka tangu Januari. Mwenye bili za miezi mitatu iliyopita alete nakala. Asiye na mfereji kabisa aandike jina lake, mahali anapochota na anacholipa kwa jerikeni moja. Ukurasa huo bado una majina manne tu.