Hoja na Mwenye Hoja

Ojukwu alipotangaza Biafra tarehe 30 Mei 1967, hoja yake ilikuwa nzito: dola isiyolinda roho za raia wake haiwezi kudai utii wao. Maelfu ya Waigbo walikuwa wameuawa Kaskazini mwa Nigeria mwaka 1966. Sisi Watanzania, ingawa ni wana wa Muungano, tuliitambua Biafra Aprili 1968.

Katika Azimio la Ahiara, Juni 1969, aliwataka viongozi wawe watumishi wa umma. Wakati huo watoto walikuwa wakifa kwa njaa. Januari 1970 akaondoka kwa ndege kwenda Kodivaa, wenzake wakasalimu amri.

Je, kukimbia kwake kunaibatilisha hoja? Hatudhani, waliouawa 1966 hawakufufuka. Lakini deni la njaa ni lake pia, pamoja na waliomzingira, wala mazishi ya heshima aliyofanyiwa na serikali ya Nigeria mwaka 2012 hayakulilipa.