Ndiyo ya Kazini, Hapana ya Nyumbani



Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, tunasoma habari za Yethro, baba mkwe wa Musa. Mzee huyo alifunga safari akamletea Musa mkewe Sipora na wana wao wawili, waliokuwa wakikaa kwake. Musa alitoka kumlaki, wakajuliana hali, wakala pamoja. Lakini kesho yake tu Musa aliketi kuamua kesi za watu, nao wakasimama mbele yake tangu asubuhi hadi jioni. Maandiko hayatuambii Sipora alisema nini. Aliyesema ni mzee Yethro: alimwonya mkwewe kwamba jambo hilo si jema, na kwamba atajichosha bure, yeye na watu wake.

Angalieni vizuri. Musa hakuwa mlevi wala mhuni. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya Mungu mwenyewe. Hata hivyo alionywa.

Wengi wetu tunaumia papo hapo. Bwana si mlevi, bibi si mkorofi, lakini nyumba imepoa. Baba anaingia saa nne usiku, watoto wamekwisha kulala. Jumamosi ameitwa kuhesabu bidhaa stoo. Jumapili simu inalia katikati ya Misa, naye anatoka nje kuijibu: "Ndiyo, mkubwa." Mama naye ni mwalimu. Amekubali masomo ya jioni, amekubali michezo, amekubali kamati ya chakula, na usiku anasahihisha madaftari mpaka usingizi umshinde. Wakilaumiana, kila mmoja ana jibu lile lile: "Si haya yote nayafanya kwa ajili yenu?"

Msomaji mpenzi, kila "ndiyo" unayoitoa kazini kuna mtu anayeilipia. Ukimwambia mkubwa wako kwamba utabaki, umemwambia mwenzako "hapana" bila yeye kuwapo. Na hebu kumbuka: mbele ya altare ulimwahidi nani maisha yako?

Utaniuliza: "Nikifutwa kazi, karo itatoka wapi?" Hofu hiyo si ya kuchekwa. Mtu wa kibarua cha kutwa hana nafasi sawa na mwenye barua ya ajira, na hatumhukumu anayekubali ili watoto wasilale njaa. Lakini tusifichane. Mara nyingi hatusemi "ndiyo" kwa sababu ya njaa. Tunasema kwa kupenda kusifiwa, au kwa kuogopa uso wa mkubwa. Wengine tunabaki ofisini kwa sababu huko hakuna anayetuuliza maswali magumu ya nyumbani.

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1981 kuhusu kazi ya binadamu, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Hata Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Kwa hiyo anayeomba kupumzika haombi sadaka.

Basi mfanye nini?

Kwanza, kaeni wawili mkubaliane ni saa zipi za nyumba. Mipaka ya mtu mmoja huvunjika upesi.

Pili, jifunzeni kukataa kwa heshima, bila uongo. Usimzulie mtoto ugonjwa. Sema: "Mzee, leo siwezi kubaki, nimeahidi nyumbani. Kesho nitafika mapema niimalize." Ukipewa kazi mbili kwa pamoja, uliza: "Ipi itangulie? Zote mbili leo haziwezekani." Na hiyo kesho ufike kweli, maana mtu anayeaminika husikilizwa.

Tatu, gawa kazi. Yethro alimshauri Musa achague watu wacha Mungu, wenye kuchukia rushwa, waamue kesi ndogo, naye abaki na zile ngumu. Kudhani kwamba bila wewe hakuna kitakachokwenda si bidii. Ni majivuno.

Nne, saa uliyoipata usiipeleke baa. Wala usiketi sebuleni ukiwa bado unajibu ujumbe wa ofisini. Ifikishe nyumbani ikiwa nzima.

Musa, kiongozi wa taifa zima, alimsikiliza mkwewe na kufanya yote aliyomwambia. Usiku wa leo, kabla ya sala, muulize mwenzako: "Kazi yangu imekunyima nini?" Kisha nyamaza. Usijitetee. Sikiliza mpaka amalize, halafu mshikane mikono na kumwomba Mungu awape nguvu ya kuanza kesho.

Mungu azibariki nyumba zenu.